Hisa za Bosi Wangu

Nilijifunza kupiga taipu kwa pesa za jirani. Alikuwa dereva wa garimoshi, mtu wa mkoa wa magharibi, tumepakana ukuta mtaani Shauri Moyo. Mama aliposhindwa na karo ya chuo, yeye ndiye aliyelipa, wala hakuwahi kuitaja tena.

Nikaajiriwa na kampuni ya mablanketi. Siku moja bosi, mmoja wa wakurugenzi, alinipa kumbukumbu za mkutano wao nizichape. Benki imekataa kuwakopesha, kiwanda kitafungwa kabla ya Krismasi. Alisimama nyuma yangu hadi nikamaliza, akachukua hata karatasi za kaboni. Akasema nikifungua mdomo nitafute kazi kwingine. Kesho yake akaniletea fomu za kuuza hisa zake zote. Nilijua anachofanya. Hakukuwa na sheria ya kumzuia.

Mwaka huo unga ulikuwa wa kutafutwa. Aliyejua duka lililopokea unga alipita na kiondo chake kimya kimya, na ukimuuliza anakwambia hajui.

Juma lile la fomu za bosi, jirani yangu alistaafu. Akaja kwetu na gazeti, dalali amemwambia kuna hisa za kampuni yetu zinauzwa.

"Mwanangu, wewe si uko huko ndani? Niweke kiinua mgongo changu?"

Nilikoroga chai iliyokwisha kukorogeka. Nikamwambia sijui, mimi kazi yangu ni kuchapa tu. Alinitazama kidogo, akatabasamu, akakunja gazeti lake.

Siku chache baadaye fomu za bosi zilirudi kutoka kwa dalali. Moja ilikuwa na jina la mzee, jirani yangu, kama mnunuzi. Nikaliingiza kwenye daftari la wenye hisa, herufi kwa herufi, bila kosa hata moja. Najichukia kwa usafi wa kazi ile.

Kiwanda kilifungwa, hisa zikawa karatasi tupu. Mzee akawa mlinzi wa ghala Gikomba. Bosi alihamia kampuni nyingine, akanichukua.

Miaka ilipita ndipo sheria ikatungwa: kuuza hisa kwa siri ya ndani ni jinai, na kumtobolea mtu siri hiyo pia ni jinai. Nilicheka kwa uchungu. Sheria hiyo ingekuta mikono yangu safi kabisa. Nikachukua gazeti lenye habari hiyo nikaenda Gikomba, nikamweleza mzee kila kitu, hata zile karatasi za kaboni.

Alisikiliza, rungu magotini.

"Na mimi niliona unaficha kitu," akasema. "Nikafikiri ni kama unga. Nikasema, huyu mtoto amejua hisa ni nzuri, anaogopa tutawamalizia."

Akaniuliza kama bado namfanyia kazi yule bwana. Nikamwambia ndiyo.