Nusu ya Daraja

Rais wa kwanza alipoapishwa, Mwanapili alisikiliza redio dukani kwa Randu huku vidole vyake vikiendelea kushona makuti. Maneno mengi yalimezwa na mkoromo wa redio, lakini zile shangwe zilimwingia mwilini. Alirudi kwake, kando ya mikoko ya Gazi, akiona kana kwamba hata mchanga umekuwa laini zaidi.

Adhuhuri alisinzia mkekani, akaota. Tarishi aliyevaa kanzu nyeupe pepepe alibisha hodi.

"Nimetumwa na mkubwa wa nchi," akasema. "Anauliza, wewe wataka nini?"

Mwanapili alifungua mdomo, neno lisitoke. Tarishi akangoja kwa adabu, kisha akayeyuka kama moshi wa ubani.

Alipomsimulia jirani yake Dama, Dama alicheka. "Mimi ningemwambia nataka shamba liwe langu, nife nikijua mikorosho yangu haing'olewi na mtu."

Tangu hapo Gazi nzima ikawa inajibu swali la tarishi. Kisimani na msikitini watu walisema taa, shule, mashua ya injini. Wakisema, macho yao yalikuwa mbali. Mwanapili alikuwa akisikiliza tu, mpaka asubuhi moja alipotazama maji yakijaa kwenye mkono wa bahari, akamkumbuka dada yake Mwanarusi. Uchungu wa uzazi ulimshika maji yakiwa juu. Walingoja yapwe wavuke waende hospitali ya Msambweni. Yalipopwa, Mwanarusi hakuwapo tena.

"Daraja," alimwambia mumewe Alfani, mkata boriti. "Nataka daraja."

"Basi tumngoje huyo mkubwa atujengee?"

"Tuanze sisi. Akija atukute tumefika katikati."

Alfani alimtazama sana, akachukua shoka. Wanaume wakakita boriti matopeni, wanawake wakabeba mawe. Walipofika katikati Mwanapili akasema, "Hapa panatosha. Nusu hii nyingine ni yake." Hakuna aliyembishia. Jioni watu walitembea hadi mwisho wa mbao, wakasimama juu ya maji, wakitazama ng'ambo kama waliokwisha kufika.

Mvua za masika zikaja. Siku moja, maji yakiwa yamejaa, Mbeyu, bintiye Dama, alishikwa na uchungu. Walimbeba kitandani mpaka katikati, daraja lilipoishia. Kutoka pale wanaume wakashuka majini, kitanda kikiwa vichwani, maji vifuani, Mwanapili akiogelea kando na kumshika mkono. "Usifumbe macho, mwanangu. Nitazame mimi." Walivuka. Mtoto wa kike alizaliwa Msambweni, akalia kwa nguvu.

Kesho yake Mwanapili alimkuta Alfani anachonga boriti.

"Nishike hii?" akauliza.

"Ishike. Na mkubwa wetu je?"

"Ana nchi nzima ya kuangalia. Nusu hii tumjengee sisi, yeye tutamwomba barabara ya lami."

Daraja lilipokamilika, Mwanapili alivaa leso mpya akavuka peke yake, hana shughuli yoyote ng'ambo. Barabarani gari lilipita likielekea Msambweni. Alilipungia mkono. Aliyekuwamo hakumjua, lakini naye akampungia, na Mwanapili akabaki pale akitabasamu mpaka vumbi likatulia.