Soksi ya Pikipiki ya Marehemu

Mama mkwe wangu alikuwa akizungumza nami kwa kupitia kuku. Sisemi hivi kumcheka. Nasema kwa sababu asiyelijua jambo hili hataelewa jinsi pikipiki ya marehemu baba mkwe ilivyopona, wala kwa nini mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nililia hadharani kule Zagayu, kijijini kwa wakwe zangu.

Mimi ni mtu wa Muheza. Kwetu mama mkwe unamwamkia kwa mkono, ukipenda unaubusu, na yeye anakuuliza kama umekula. Barua ya uhamisho ikanileta Bariadi, ofisi ya ardhi, nikaoa Msukuma, afisa ugani wa pamba, mwanamke wa maneno machache na hatua ndefu. Siku ya kwanza nilipopelekwa ukweni nikamwendea mama yake mbio, mkono mbele, shikamoo mdomoni. Mama wa watu akarudi nyuma hatua tatu, akajifunika kanga usoni. Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikatozwa mbuzi. Ndipo nikaelezwa kwamba mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, na neno likiwapo lazima lipite kwa mtu wa tatu. Vijana wengi wa mjini wameshayaacha haya. Yeye hakuyaacha, na mbuzi nikatoa.

Miaka sita ikapita hivyo. Salamu zake nilizipata kwa mke wangu, kama barua za serikali zinavyopitia kwa mkuu wa idara. Nilijua anapenda uji wa ulezi, nilijua mguu gani unamuuma, lakini sikujua kama ananipenda. Iliniuma, sitaficha. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne, na nilipooa nilitumaini nitapata mwingine.

Baba mkwe alipofariki, mama alikuja kukaa kwetu Bariadi miezi miwili ili atibiwe macho. Alikuja na sanduku lake, furushi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku mmoja kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mwenye sura ya mzee aliyenyimwa pensheni. Mchana mke wangu alikuwa akienda kazini, na siku nilizokuwa nyumbani tulibaki mimi, mama, na kuku. Mtu wa tatu hayupo. Siku moja nilikuwa sebuleni nasoma, nikasikia sauti kutoka uani, pole kabisa: "Wewe kuku, mwambie mtu maharage yake yanaungua." Nikakimbia jikoni. Kweli yalikuwa yanaungua. Kuanzia siku hiyo kuku akapata kazi.

Sasa hiyo pikipiki. Baba mkwe alikuwa bwana mifugo, akichanja ng'ombe kuanzia Zagayu hadi Mwandoya, na pikipiki yake aliachiwa na padri mmoja mgeni aliyerudi kwao. Haikuwa kama hizi za bodaboda. Haina cheni. Nguvu ya injini inakwenda nyuma kwa shafti, fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya bomba, na pale shafti inapoungana na giaboksi pana jointi inayoiruhusu kupanda na kushuka na mashimo ya barabara. Juu ya jointi panavalishwa mpira wenye mikunjo, ili vumbi na maji visiingie. Marehemu aliuita soksi. Mke wangu alirithi kuiendesha, akawa anaipeleka kwa wakulima wake Sapiwi, na akiwa juu yake hata sura yake ilibadilika, akawa binti wa baba yake.

Mpira ukapasuka bila sisi kujua, vumbi likaingia, jointi ikakauka. Siku moja karibu na Sapiwi pikipiki ikalia kata-kata-kata, halafu injini ikawa inanguruma na gurudumu limesimama. Ilirudi nyumbani imepakiwa juu ya guta. Mke wangu alishuka, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani bila kula.

Na ikaangukia wakati mbaya. Jumamosi ile kulikuwa na kikao cha ukoo Zagayu cha kugawa vitu vya marehemu. Baba mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye msimamizi, alishapiga simu. Pikipiki ikifika inatembea, ni ya binti. Ikifika imebebwa, inauzwa chuma chakavu, mnunuzi ameshapatikana. "Pikipiki mfu ni kama ng'ombe mfu," alisema, "inaliwa mapema kabla haijanuka." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kusuluhisha watu wanaogombania vitu.

Nikaita mafundi. Wa kwanza aliizunguka mara mbili akauliza, "Mzee, hii bila cheni inaendeshwa na nini, maombi?" Wa pili alitaka kulikata bomba, achomelee sproketi, avalishe cheni. Mke wangu alimtazama mpaka akakusanya spana zake mwenyewe. Mimi kwa hasira nikasema nitaitengeneza. Nikisema neno kwa hasira huwa silirudishi, hata likiwa la kijinga. Mke wangu akaniangalia mikono, mikono hii ya kugonga mihuri, akasema, "Haya." Haya ile iliniudhi kuliko kicheko.

Asubuhi yake nilikuta kopo la maziwa ya unga mlangoni pangu. Ndani, katika kitambaa chenye grisi, palikuwa na jointi mpya na mpira mpya. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba marehemu alivinunua miaka mingi nyuma akavificha katika sanduku la mkewe, akisema ipo siku. Kuku alikuwa amesimama kando, akinitazama kwa jicho moja.

Ijumaa nikaomba ruhusa ofisini. Mke wangu alipanda bodaboda kwenda kazini, nami nikatandika gunia uani, simu yenye video nikaiegemeza kwenye tofali. Mama aliketi upande wa pili wa ukuta wa jiko, mgongo kwangu, akipepeta choroko. Nikatoa gurudumu la nyuma. Nikatoa difu lake dogo, lile sanduku la gia linaloligeuza gurudumu, nikachomoa shafti, nikafungua bolti mbili zinazoshika lile bomba nalo likatoka. Jointi ya zamani ilikuwa imejaa unga mwekundu wa kutu, ukiizungusha inakwama. Nikajiona fundi hasa. Nikaanza hata kupiga mluzi.

Jointi mpya nikaipaka grisi, nikaisukuma kwenye meno ya giaboksi, ikaingia. Nikarudisha bomba, nikakaza bolti. Nikarudisha shafti, hiyo peke yake ilinichukua saa nzima kupatanisha meno kwa meno. Nikarudisha difu, nikarudisha gurudumu. Nilikuwa nafuta mikono, kifua kimejaa, niliposikia hatua zikipita nyuma yangu kurudi jikoni, kisha sauti kutoka upande wa pili wa ukuta:

"Wewe kuku, mbona soksi imebaki juani?"

Nikageuka. Mpira ulikuwa juu ya tofali, karibu na simu. Unatakiwa uvalishwe kwenye mdomo wa bomba kabla bomba halijarudi. Baada ya hapo hauingii, hata umwite nani. Nilimtukana marehemu, nikamtukana padri, nikaitukana Ulaya yote kwa kutengeneza kitu kisichoonyesha adabu kwa mtu wa makaratasi. Kisha nikakumbuka ni nani yuko nyuma ya ukuta.

Sauti ya ungo ilikuwa imesimama. "Kuku," alisema, "marehemu naye alisahau. Mara mbili. Ya pili aliitupa spana kwa jirani."

Nilicheka peke yangu pale chini kwenye vumbi. Nikafungua kila kitu upya.

Mara ya pili soksi niliivalisha kwanza, nikarudisha vyote mpaka gurudumu, jua likiwa limeshapita utosi. Ikabaki kazi moja tu, kuuvuta mdomo wa mbele wa ule mpira uingie katika mfereji unaozunguka kinywa cha giaboksi. Kwenye video ilichukua sekunde chache. Mimi nililala chali, nikalala ubavu, nikapiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mimi niliinama mpaka kiuno kikagoma. Nikiuingiza upande wa kulia, wa kushoto unachomoka. Nikishika kushoto, kulia kunachomoka. Mpira ulikuwa mgumu kwa kukaa miaka yote ndani ya kopo, na vidole vyangu ni vinene, na nafasi yenyewe haitoshi hata kupitisha kijiko. Saa tisa ikafika. Nikauweka uso wangu kwenye tangi la mafuta, nikawaza jinsi mke wangu atakavyoitazama pikipiki ikipandishwa kwenye gari la chuma chakavu. Moyo ulinivunjika kabisa.

Nikasikia sufuria ikitua nyuma yangu. Maji ya moto, na kipande cha sabuni ya mche ndani yake. Hatua zikarudi upesi.

"Kuku, mwambie mtu autie humo mpaka ulegee. Halafu aangalie ukutani. Mtu mmoja hawezi kazi hii. Mimi ndiye niliyekuwa nashika upande wa pili."

Mpira ulikuwa umeshafungwa kwa nyuma, kwa hiyo nilichota maji nikaumwagia, nikaupaka sabuni, tena na tena. Ukalegea. Nikageuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikasikia kanga ikivutwa usoni, magoti yakilia, mtu akikaa upande wa pili wa pikipiki. Sikumwona. Naye, macho yenyewe yakiwa ya kutibiwa, na kanga juu, hakuona kitu. Kwa miaka thelathini alikuwa amezalisha ndama kwa mikono hiyo, mkono ndani hadi kiwiko, akitafuta mguu wa ndama pasipo kutazama. Jointi ya pikipiki haikuwa jambo kwake.

"Kuku, avute juu."

Nikavuta juu.

"Alegeze. Sasa abane hapo, asiachie."

Nikabana. Nilisikia mpira ukitembea, ukiingia mferejini kidogo kidogo kutoka upande wake kuja kwangu, vidole vyake vikiusindikiza. Vikaja, vikaja, na pale chini kabisa, mahali mfereji unapokutana, vikafika juu ya vidole vyangu. Vilikuwa vigumu na vya moto kwa yale maji. Sikuvuta mkono, maana ningeuvuta soksi ingechomoka. Naye hakuvuta. Tukabana pamoja, mpira ukasema tuk, ukakaa.

Nilikuwa nikiwaza mbuzi. Nilikuwa nikiwaza pia kwamba sijashikwa mkono hivyo tangu utoto wangu, na sikutaka kuachia.

Yeye ndiye aliyeachia. Akainuka taratibu, kanga yake ikikwaruza usukani. "Wewe kuku," alisema akielekea jikoni, "hukuona kitu."

Jioni mke wangu alirudi, akaiwasha, akaizungusha mtaani mara tatu. Ilikuwa kimya, hakuna kata-kata. Akashuka, akanikagua kuanzia kichwani hadi kwenye magoti yaliyochubuka. "Nani amekusaidia?" akauliza. Nikamwambia, kuku. Akafikiri natania.

Kesho yake yeye ndiye aliyeendesha, mama nyuma yake amekaa upande upande, kama alivyokaa nyuma ya mumewe maisha yote. Mimi niliwafuata kwa bodaboda, nikila vumbi lao njia nzima, nikitega sikio. Kila shimo walilopita moyo wangu ulipita nalo.

Tulifika Zagayu kikao kimeshaanza. Baba mdogo alitoka, akainama, akaweka sikio karibu na bomba huku injini ikinguruma, akamwambia mke wangu azunguke uwanja, apite kwenye matuta, arudi. Akapapasa ile soksi kwa kidole. Akauliza fundi ni nani. Mke wangu akanionyesha mimi. Wazee wakacheka kwa heshima, maana habari za yule mbuzi wanazikumbuka hadi leo.

"Mtu wa ofisi," akasema baba mdogo. "Alifundishwa na nani?"

Ukweli ulikuwa mmoja, na sikuweza kuusema bila kumvunjia mama heshima mbele ya ukoo mzima, kwamba alikuja, akakaa karibu, akashika. Nikainama nikajifanya nakagua soksi, na kicheko kikaanza kuota tena. Nilianza kuogopa kwamba watadhani tumedanganya, kwamba tumekodi fundi wa siku moja na kesho itakufa tena.

Mama alikuwa bado amesimama kando ya pikipiki, mgongo kwangu, kanga kichwani. Nami nikageuka, kwa adabu, nikatazama shamba la pamba, mabua yake yaliyong'olewa na kurundikwa tayari kuchomwa. Nikamsikia akipiga kiti cha pikipiki kwa kiganja, mara mbili, kama unavyompiga ng'ombe wako ubavuni.

"Wewe pikipiki," alisema kwa sauti ambayo hata watoto waliokuwa zizini waliisikia, "waambie nani amekuvalisha soksi. Waambie amelala chini kutwa nzima na hajakata tamaa. Waambie ni mwanangu."

"Mkweo," baba mdogo akamsahihisha kwa upole.

"Pikipiki, waambie nimesema mwanangu."

Baba mdogo akatoa simu, akampigia mnunuzi wa chuma chakavu asije. Nyuma yangu watu waliendelea na masufuria na blanketi za marehemu. Mimi sikugeuka. Niliendelea kuyatazama yale mabua machozi yakinitoka, na kwa mara ya kwanza nikaushukuru mwiko ule, maana mtu pekee ambaye nisingependa anione nikilia hakuruhusiwa kunitazama usoni.