Kuku Mweupe wa Naomi

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya mavuno ambayo sijaweza kuisahau mpaka leo. Kwa kuwa umekuja kuniambia unataka kuacha kazi uanze kununua alizeti kwa wakulima, kaa nikusimulie. Chai ipo. Na haraka ya nini, alizeti yenyewe bado iko shambani.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, hapa hapa Iguguno. Nilikuwa na mke mmoja, mtoto mmoja na baiskeli moja, na kati ya hivyo vitatu, baiskeli ndiyo niliyoifuta vumbi kila asubuhi. Nilikuwa nachuuza kuku. Napita vijijini nanunua kwa akina mama, nawapanga kwenye tenga nyuma ya baiskeli, nawapeleka Singida mjini kwa wenye hoteli. Watu waliniita tajiri kwa utani, na mimi kwa ujinga wangu nilikuwa naitika.

Mwaka huo mtoto wetu Eliya alishikwa na surua. We acha tu. Alilala siku nyingi amefumba macho, hata uji mwepesi haushuki. Mke wangu Naomi akaweka nadhiri: Eliya akipona, atamtolea Mungu kuku wake mweupe. Usidhani ni kitu kidogo. Yule alikuwa wa mbegu aliyopewa na mama yake siku alipoolewa, na mayai yake ndiyo yaliyotupatia chumvi na sabuni wakati faida yangu yote inarudi kwenye biashara. Eliya akapona. Naomi hakusita.

Sikukuu ya mavuno unaijua. Mtama, uwele, mayai, kuku waliofungwa miguu, vyote vinawekwa madhabahuni, na ibada ikiisha vinapigwa mnada pale nje, fedha inaingia kanisani. Mwaka ule tulikuwa tunatafuta mabati ya kuezekea kanisa. Lakini mnada wa kanisa si wa ng'ombe. Kitu cha shukrani watu wanakipandisha bei kwa makusudi, na anayekipata mara nyingi anamrudishia aliyekitoa, au anakipeleka kwa mjane. Haijaandikwa popote, ila kila mtu anajua.

Na mimi nilijua. Ndiyo maana bado inaniuma. Asubuhi ile nilikwenda kanisani na tenga langu, nikawanong'oneza wachuuzi wenzangu wawili: nafaka chukueni ninyi, kuku niachieni mimi, tusipandishiane. Wengine pale hawakuwa na kitu mfukoni. Basi Mzee Yona, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, anainua kuku, mimi nataja bei ya kutupa, watu kimya, kuku anaingia tengani.

Alipofika kwa yule mweupe aliniangalia, akasubiri kidogo. "Huyu ni wa shukrani ya Eliya," akasema. Alikuwa ananisaidia, mwanangu. Watu wote walikuwa wanamngoja baba Eliya apandishe. Naomi alikuwa amesimama kati ya akina mama, mtoto mgongoni. Nikataja bei ile ile. Sikupepesa hata macho. Mchana huo huo nilikuwa mjini, nimeuza wote.

Nilirudi nimefurahi, nimemletea kanga mpya. Akashukuru, akaikunja, akaiweka sandukuni. Akanipakulia ugali na mlenda. Nilipomaliza kula akasema, "Baba Eliya, mimi nilimpa Mungu. Wewe umempa nani?"

Nikamweleza kwamba nimelipa, na kanisa limepata chake. Hakubisha. Ila kabla ya hapo tulikuwa na desturi ya kusali pamoja, kila mmoja anasema kwa sauti anachomwomba Mungu. Tangu siku ile Naomi alipiga magoti karibu yangu kama kawaida, lakini alisali kimoyomoyo. Midomo inacheza, sisikii kitu. Nilikaa na mwanamke yule nyumba moja, na sikujua tena anaomba nini.

Mavuno yaliyofuata hakukuwa na kuku hata mmoja madhabahuni. Vibuyu vya mtama, basi. Nikamfuata Mzee Yona, nikampa shikamoo, nikalalamika kwamba watu wamekuwa wagumu kutoa na mabati hatuyapati.

"Watu si wagumu," akasema taratibu. "Akina mama hawataki kuleta kuku kwenye tenga lako. Wakitaka kukuuzia, wanajua unakokaa. Mwaka jana ulinunua kwa Mungu kwa bei ya jumla, kijana, tena mali ya mke wako. Anza nyumbani. Huku utakuja baadaye."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda kwa Naomi, nikasema nimekosa, bila kujitetea. Akajibu, "Nimesikia." Nikamtafutia kuku mwingine mweupe. Akampokea, akasema ni mzuri, ila si yule. Na yule alikwisha kuliwa siku nyingi na watu wasiojua Eliya ni nani.

Sikuacha biashara. Ila Jumapili tenga lilibaki nyumbani, na kwenye mnada nilipandisha bei na kumrudishia mwenyewe. Polepole kuku wakarudi, mabati yakapatikana. Ujamaa ukaja, tukahamia kijijini, tukaambiwa wafanyabiashara ni kupe. Wenzangu walinuna. Mimi nilinyamaza, nilimjua kupe mmoja vizuri sana.

Huko kijijini, asubuhi moja Naomi alikuwa anapepeta uwele, ana mimba ya mtoto wetu wa tatu. Akasema bila kuinua uso, "Baba Eliya, yule tetea mwekundu nimemwekea nadhiri. Nakuambia mapema."

Nikamwuliza, nikiogopa, amemwomba Mungu nini.

"Mtoto azaliwe salama," akasema. "Na wewe uzeeke karibu yangu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima mimi.

Kwa hiyo nunua alizeti, mwanangu. Patana bei, tafuta faida, Mungu hachukii mtu mwenye akili. Lakini fahamu kwamba nyumbani mwako kuna kitu ambacho hakiuzwi, na huwezi kukijua kwa kukitazama tu, lazima umwulize mwenzako. Usipeleke jicho la mchuuzi madhabahuni. Na siku utakayoona mwenzako anasali na hakuambii anachoomba, funga duka, rudi nyumbani, hata kama wateja wamepanga foleni. Mimi nilichelewa, miaka mingi ikapotea.

Nenda sasa. Mungu akupe mizani ya kweli na wateja wenye shukrani, na jioni ukirudi akukutanishe na mtu anayekutajia maombi yake kwa sauti.