Mate Juu ya Plagi Kuukuu

Ukimpelekea Afua Pokuaa plagi nne zilizofunguliwa garini, hakuulizi ni gari gani. Ananusa kwanza. Halafu anazigeuza juani moja moja na kukwambia: "Hii ya tatu imelowa oili, injini yako inazeeka. Hizi nyingine nyeusi tii kwa sababu unatambaa mjini siku nzima, na aliyekuuzia amekupa plagi ya baridi, isiyochoma masizi. Gari lako linataka ya moto kidogo." Mimi nauza oili meza ya pili kutoka kwake, hapa kwenye magereji ya Suame, Kumasi. Kwa miaka kumi na minane nimemsikia akisema hayo, na sidhani kama alikosea zaidi ya mara mbili.

Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi. Upande mmoja wa meza anapanga plagi mpya. Upande wa pili alikuwa akiweka kuukuu ambazo bado zinafaa, amezisugua kwa brashi ya waya na kuzipima pengo. Kila kuukuu aliikwaruza kwa msumeno wa chuma, mstari mmoja chini ya nati, ili mnunuzi ajue anachonunua.

Tulimcheka. "Umeona wapi mfanyabiashara anaiwekea bidhaa yake kovu?"

"Bora plagi iwe na kovu kuliko mimi," alijibu.

Mwaka juzi Shemasi Gyasi wa kanisani kwao, mwenye duka la vipuri, alianza kuja kila wiki na ndoo. Alinunua kuukuu zote, hata zile ambazo Pokuaa alikwisha kuzitupa kwenye sanduku la chakavu. Alisema anazipeleka kaskazini kwa wakulima wasioweza kununua mpya. Pokuaa alifurahi. Aliniambia shemasi ana moyo wa huruma, na mimi sikuwa na sababu ya kubisha.

Asubuhi moja akaja Mwalimu Bosiako, mtu mpole mwenye Opel ya zamani aliyoitunza kama mtoto. Siku hiyo hakuwa mpole. Alitupa boksi jipya mezani.

"Mama Pokuaa, hebu niambie hiki ni nini. Nimebadilisha juzi tu. Gari likaanza kumisi, halafu nikasikia kitu kinagonga ndani, kwa! kwa! kwa! Nimelivuta kwa kamba kutoka Offinso."

Pokuaa akatoa plagi moja. Ilikuwa inang'aa kama kijiko cha harusi, ila ncha yake ilikuwa imebonyea.

"Nani kakuchagulia hizi?"

"Dukani. Nilionyesha namba, wakanipa boksi lenye namba ileile."

"Boksi ni lako, mwalimu. Plagi si yako. Angalia thredi, hii sehemu ya kufungia, ilivyo ndefu. Imezama mpaka ndani, pistoni inaipiga kila ikipanda." Akatafuta namba ubavuni mwa kauri nyeupe ya plagi. Ilikuwa imefutwa kwa msasa. Akaanza kukwangua rangi ya fedha chini ya nati kwa ukucha, na ghafla mkono ukasimama.

Nilisogea. Chini ya rangi kulikuwa na mstari wa msumeno.

"Duka gani?" aliuliza, sauti imeshuka.

Mwalimu akataja duka la Gyasi.

Tulikwenda wote watatu. Mbele, duka lilikuwa la vioo, maboksi yamepangwa kwa rangi. Pokuaa hakusimama mbele. Alipita moja kwa moja hadi chumba cha nyuma, na huko tukamkuta shemasi mwenyewe amekaa kwenye kigoda, shati amelivua, ndoo ya plagi miguuni. Kando yake palikuwa na kopo la rangi na rundo la maboksi matupu. Alichukua plagi, akaitemea mate, pwaa! juu ya kauri, akaisugua kwa fulana kuukuu iliyokuwa imegeuka rangi ya matope. Akaiinua kwenye mwanga. Haikumridhisha. Akaitemea tena.

Pokuaa aliziba mdomo kwa kitambaa.

Gyasi alipotuona hakushtuka sana. "Aa, dada yangu! Karibu. Ungepiga simu."

"Hao ndio wakulima wako wa kaskazini?"

"Usinipandishie sauti. Plagi si uliniuzia wewe mwenyewe? Mteja anataka kitu king'ae, mimi nakipa kung'aa. Kosa liko wapi?"

"Niliuza kuukuu kwa jina la kuukuu!"

"Ah, jina." Akafuta mate kidevuni kwa kiganja. "Jina linaliwa? Tuongee taratibu, Jumapili tutaonana."

Mwalimu alitaka kumshika shati, akakumbuka hana shati. Pokuaa alimvuta tukatoka.

Tuliporudi mezani alinawa kwa petroli, akanawa kwa sabuni, akanawa tena. Nilimletea kenkey, ugali wa mahindi uliofungwa kwa majani, na samaki. Akaifungua, akaiangalia, akaifunga. "Kila moja imepita kwenye vidole hivi," alisema. "Nilimchambulia mwenyewe, na nikamshukuru."

Kisha akamgeukia mwalimu, akamwambia wazi kwamba plagi zile zilitoka mezani kwake, bila kupunguza neno, na akamtolea plagi nne mpya za namba sahihi. Mwalimu hakuzipokea. Alisema tu, "Nilikuja kwako kwa sababu nilikuamini," akaenda zake. Mpaka leo hajarudi. Nasikia plagi anaagiza Accra.

Pokuaa alimshtaki Gyasi kwa wazee wa wauza vipuri. Kikao kikakaa. Gyasi aliinamisha kichwa, akaleta chupa ya pombe ya kuombea radhi, wazee wakaonja, wakasema yaishe. Baada ya wiki tatu alifungua duka lingine barabara ya nyuma, la vioo vikubwa zaidi. Nilikuwa kwenye kikao hicho, na harufu ya ile pombe bado inanichefua.

Jumapili iliyofuata kile kikao, Gyasi alipita kwenye viti na sahani ya mkate wa meza ya Bwana. Alipofika kwa Pokuaa, Pokuaa aliangalia vile vidole vilivyoshika sahani, akasimama, akatoka nje mbele ya kanisa zima. Sasa anasali kwingine, mbali, anapanda gari mbili.

Kuukuu ameacha kuuza. Plagi yoyote anayomfungulia mteja anaiweka juu ya chuma na kuivunja kauri kwa nyundo, mbele ya macho yake. Wengine hukasirika. Juzi dereva wa teksi alimfokea: "We mama, una wazimu? Hiyo ningeiuza!"

"Ndiyo maana naivunja," alisema Pokuaa, na kuinua nyundo kwa ya pili.