Kofia ya Mjomba

Kama mama alikuwa hai, kwa nini hakunisalimia? Swali hilo liliniweka macho usiku wa kuamkia siku yangu ya mwisho Bukavu. Wiki kadhaa nyuma, kabla vita havijafunga barabara ya bondeni, jirani yetu wa Kimanga, mtaa wetu kule Uvira, anayeuza ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, alipita bwenini kwetu kuniletea salamu. Alizitoa kama desturi inavyotaka, mtu mmoja mmoja. Baba anakusalimia. Dada yako mdogo anakusalimia. Hata mbuzi wanakusalimia, alisema, akacheka peke yake. Mama hakumtaja. Nilipouliza, alijibu, "Bote banakusalimia," akajitwika kikapu chake.

Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa ugenini. Ataitwa nyumbani, ataoga, atakula, ndipo wazee watamketisha. Akilazimisha kuulizia, ataonekana anauita msiba. Kwa hiyo sikuuliza tena. Huenda jirani alisahau. Huenda siku ile mama alikuwa Kiringye shambani. Nilikuwa nimepata diploma ya ualimu juzi tu, na elimu yote ile ilinisaidia kuongeza huenda nyingine.

Asubuhi ya baada ya siku hiyo ndege ndogo ingenishusha hadi Usumbura, Burundi, na kutoka pale ningetafuta njia ya kuvuka mpaka hadi kwetu Uvira. Waasi walikuwa wameshika mji. Ilisemekana kwamba mwenye miwani anaitwa karani wa serikali, na makarani waliochukuliwa hawakurudi. Mimi navaa miwani tangu utoto. Kama mama alikuwa hai, ningemwendea hata bila miwani, kwa kupapasa. Kama hayupo, sikujua ninaenda kufanya nini.

Asubuhi mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa muuguzi pale mjini, alikuja kunichukua.

"Bakikuuliza Bukavu iko namna gani, utasema nini? Miaka yote unaangalia tu ukuta ya masomo. Twende utembee!"

Alikuwa amevaa kofia ya kijivu, ameishusha hadi masikioni. Sikuwahi kumwona na kofia.

Kwetu ndugu wa marehemu hunyoa kichwa. Tangu dakika ile sikuiona Bukavu, niliona kofia. Tulishuka kwenye rasi yenye nyumba za maua, upepo wa ziwa Kivu ukitupiga usoni, milima ya Rwanda ng'ambo imejifunika ukungu.

"Ona ile maji," mjomba alisema. "Mazuri, lakini haina ndagala. Maji ya kuangalia tu, kama picha!"

Nilicheka huku nikichungulia nyuma ya masikio yake. Alikuwa ameinua kola ya koti.

"Baridi iko mingi," akasema, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Nikapata wazo. Nilimwambia nataka kuona kanisa kuu kabla sijaondoka, maana hakuna mwanamume anayeingia kanisani na kofia. Tulipofika kwenye ngazi alisimama.

"Ingia weye. Minye nitakungoja hapa, viatu vinaniuma."

Ndani nilipiga magoti. Sikuweza kusali, kwa sababu sikujua nimwombee mama afya au pumziko.

Mchana tulikula kwenye mkahawa mdogo karibu na soko. Mjomba alinipa kipande kikubwa cha nyama, halafu akanipa na chake. Wema ule uliniogopesha kuliko kofia. Alisema kuna shule mjini inayotafuta mwalimu.

"Ungebaki, hata miezi michache tu."

"Na mama?"

Aliomba aongezewe pilipili.

Nje ya mkahawa kulikuwa na kinyozi, benchi lake na kioo kilichopigiliwa kwenye nguzo. Kumnyolea kichwa mtu aliye hai ni kumlaani, na hakuna mjomba atakayekubali dada yake alaaniwe mbele yake. Nikakaa.

"Toa yote," nilimwambia kinyozi.

"Yote? Ni chawa, mwalimu?"

Nilimtazama mjomba kwenye kioo. Moyoni nilimsihi apige kelele. Anitukane, amnyang'anye kinyozi wembe, aniulize kama nina wazimu. Fungu la kwanza la nywele likaanguka gotini. Mjomba alisimama tu. Likaanguka la pili. Ndipo akavua kofia, akaishika kifuani, akaketi mwisho wa benchi.

Nywele zake zilikuwa zimeanza kurudi, fupi kama brashi. Kumbe walikwisha kulia zamani. Walimlilia, wakamaliza, nami huku nafanya mitihani na kucheka salamu za mbuzi.

Kinyozi aliacha mzaha. "Pole, mwalimu," alisema, na mkono wake ukawa mwepesi.

"Minye sikukuambia," mjomba alisema.

"Hapana, mujomba. Hukuniambia."

"Baba yako alituma neno ubaki huku. Kule ni kufa bure."

"Na ule mutoto, dada yangu, iko na nani? Nani anamupikia?"

Aliigeuza kofia mikononi, akaigeuza tena. Tulikaa pale hadi kinyozi akapanguza shingo yangu.

Kesho yake asubuhi alinisindikiza uwanja wa ndege, ng'ambo ya mto Ruzizi. Alitaka kunivika kofia yake, nikakataa. Nilitaka nifike kichwa wazi, ili baba anione mlangoni na asihangaike kutafuta namna ya kuanza. Kisha nikavua miwani, nikaiweka kiganjani mwa mjomba. Uso wake ukapotea palepale, na ndege ikabaki doa jeupe kwenye majani. Nikalifuata lile doa, mkono mmoja mbele.