Upana wa Rispa

Mzee Owuor hakusoma. Kalamu hakuizoea. Alichozoea ni chaki ya fundi cherehani, bapa kama kipande cha sabuni iliyokwisha. Lakini kwa miaka arobaini kule Majengo alijua mabega ya wanawake wa mtaa mzima, mmoja mmoja, na kiuno, na urefu kutoka begani hadi gotini.

Hakuandika popote. Kila mteja alikuwa na uzi wake. Fundo la kwanza mabega, la pili kifua, la tatu kiuno, la nne nyonga. Mwisho wa uzi alifunga kifungo kimoja ili asichanganye watu. Kifungo chekundu, Jawahir wa mahamri. Kifungo cha mbao, mke wa askari. Mteja akirudi amenenepa, Owuor alisogeza fundo, asiseme neno. Wengi walimpenda kwa hilo kuliko kwa mshono wake.

Mkewe, Rispa, aliketi upande wa pili wa cherehani akishona vifungo na mapindo kwa mkono. Yeye alifika darasa la saba. Barua, risiti, namba za tokeni ya stima, vyote vilipita kwanza kwenye macho yake.

"Mimi macho, wewe mikono," alizoea kusema.

"Mm," Owuor alijibu.

Uzi wa Rispa haukuwa na kifungo. Haukukihitaji.

Walizeeka hivyo, wakahamia mtaa wa Lucky Summer, vyumba viwili vya ghorofa ya chini, cherehani mbele ya dirisha. Mwaka jana, katika mvua za masika, baada ya kuugua miezi kadhaa, presha ikamchukua Rispa. Wakampeleka kwao Alego, wakamzika. Owuor alirudi Nairobi na mkoba mmoja, akaifunika cherehani kwa shuka, akakaa.

Mwanzoni watoto walikuja kila Jumapili. Halafu mambo madogo yakaanza. Sufuria iliungulia jikoni hadi majirani wakabisha mlango. Siku nyingine alikwenda sokoni akashuka kituo kisicho chake, akatembea saa nzima akitafuta nyumba yake mwenyewe. Mwanawe Willis, anayefanya kazi ofisini na kukaa Buruburu, alianza kusema kwa upole, kama mtu anayeongea na mtoto mgonjwa:

"Baba, huwezi kukaa peke yako. Unasahau. Njoo Buruburu. Chumba kiko."

"Nasahau sufuria," Owuor alisema. "Sijasahau mtu."

Hilo ndilo lililombakizia nyumba yake. Cherehani iko pale, kiti cha Rispa kiko pale, na Rispa mwenyewe yumo kichwani mwake, mzima, fundo kwa fundo. Akiondoka Lucky Summer hakujua kama Rispa angehama naye.

*

Jumapili moja, baada ya kanisa, Willis na dada yake Clare walifika na boksi refu kama mlango. Nyuma yao alikuja mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kofia imegeuzwa nyuma, drili mkononi. Jina lake Koki. Alikuwa na duka la kutengeneza TV karibu na stendi ya Baba Dogo.

"Baba, tumekuletea TV," Willis alisema. "Inchi hamsini."

Owuor aliitazama ile yake. Inchi kumi na nne, mgongo mkubwa kama wa kobe, juu yake kitambaa cheupe alichofuma Rispa. Haikuwa imeonyesha kitu tangu king'amuzi kilipoharibika.

"Ile ni nzima," alisema.

"Baba, ile ni kabati."

Clare alikitoa kitambaa, akakipeleka juu ya TV mpya, akasita. Hapakuwa na juu. TV ilikuwa nyembamba kama ubao wa kukatia mboga. Alibaki amekishika hadi baba yake aliponyoosha mkono, akakikunja mara nne, akakiweka pajani.

Koki alitoboa ukuta. Vumbi likaingia kwenye chai.

"Mzee, ukuta wako ni jiwe ya ukweli," alisema. "Huko ghorofa mpya nikigusa hivi, naona jirani akiosha vyombo."

"Hiyo ndiyo plasma?" Owuor aliuliza.

"Watu huita zote plasma, mzee. Plasma zilikufa kitambo. Zilikuwa nzito, na zinachemka kama jiko. Hii ni nyepesi, mpaka mama mzee anaibeba."

Akageuka. Aliona kiti kitupu karibu na cherehani, akaelewa. "Pole, mzee," alisema, akaendelea kukaza skrubu.

TV ilipowaka, Willis alichomeka kidude kidogo ubavuni mwake. Alikuwa akitabasamu tangu mlangoni, na sasa Owuor alijua kwa nini.

"Baba, unakumbuka ile kanda ya harusi ya Clare? Ile mliyokuwa mkitazama kwa deki ya video? Nimepeleka mjini wakaihamisha. Tumekuletea mama."

Picha ikaja. Ukumbi wa Kaloleni, mwaka wa elfu mbili na nne. Kina mama wakiingia kwa kucheza, mikono juu, vumbi miguuni. Na katikati yao mmoja mwenye gauni la buluu la maduara meupe.

Clare alilia papo hapo. "Mama! Muone! Muone anavyozungusha bega!"

Owuor aliegemea mbele. Akatazama. Mwanamke wa kwenye TV alikuwa na uso mpana kama sinia, mabega ya mbeba mizigo, kiuno kisichoonekana kilikoanzia. Alikuwa anacheka. Kicheko alikijua. Mwili hakuujua.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Clare aliacha kulia. Willis alimtazama dada yake, dada akamtazama kaka.

"Baba," Willis alisema polepole. "Ni mama."

"Huyu ni mpana."

"Mama alikuwa na mwili siku zile, Baba. Wewe umezoea alivyokonda mwishoni."

Owuor aliitazama tena picha. Kweli, mwishoni Rispa alikonda. Miezi minne ya mwisho aliweza kumbeba kama kitambaa cha mteja. Je, huyo ndiye aliyebaki kichwani, na yule wa zamani ametoka bila kuaga?

Walipoondoka, sauti zao zilimfikia kupitia dirishani.

"Umeona?" Willis alikuwa akisema. "Mwanzo sufuria, halafu njia. Sasa ni mama."

"Usiseme hivyo."

"Nisiposema itakuwa si hivyo? Mwisho wa mwezi tumhamishe, Clare."

*

Jumatatu asubuhi Owuor alifungua sanduku la nyuzi. Nyuzi mia na zaidi, kila moja na kifungo chake. Aliupata usio na kifungo. Akauvuta kwa vidole, fundo la kwanza, la pili, la tatu. Huu ulikuwa Rispa wa kabla ya ugonjwa. Aliupima mwaka ule ule wa harusi.

Akaenda nao mbele ya TV. Willis alikuwa amemwonyesha kitufe kimoja cha rimoti, na akakifinya. Rispa akacheza. Owuor akainua uzi, akauweka juu ya mabega yake.

Haukusaidia. Mwanamke mzima kwenye kioo alikuwa na urefu wa mkono tu. Uzi ulimpita pande zote mbili, ukaning'inia.

Akajaribu vitufe vingine. Labda kipo cha kumleta karibu. Vyote viliandikwa, na wa kumsomea hayupo. Akafinya cha juu, cha chini, cha pembeni. Kioo kikawa buluu tupu, maneno meupe katikati. Akakaa chini.

Mchana alimpigia Koki. Willis alikuwa amemwekea namba yake kwenye simu, kitufe cha pili.

Koki alikuja na mkate aliokuwa ameula nusu.

"Sasa mzee, umefinya nini?"

"Zote."

"Ati zote!" Koki alicheka hadi akashika ukuta. "Wewe ni kama mamangu. Yeye alifinya mpaka TV ikaanza kuongea Kichina."

Alifinya mara tatu, na Rispa akarudi kucheza. Owuor alikuwa amesimama nyuma yake. Safari hii hakutaka kuutazama uso. Uso ule ulimwogopesha. Macho yakashuka yenyewe mahali yalipozoea kushuka kwa miaka arobaini, kwenye nguo.

Gauni lile alilishona mwenyewe, siku tatu kabla ya harusi. Lilikuwa na historia. Rispa alipolijaribu alisimama mbele ya kioo akasema, "Baba Willis, upande wa kushoto unashuka." Owuor akapiga magoti, akatazama, akasema, "Ni wewe umesimama kombo." Hakulifumua. Ikawa ugomvi wao mtamu wa miaka ishirini. Kila akilivaa: "Nimevaa ile ya kombo." Na yeye: "Nguo haina kombo. Mwenye nguo ndiye ana kombo." Walipoitazama kanda ile kwa deki, kila mmoja alidai kwamba imemtetea. Kwenye inchi kumi na nne pindo lilikuwa jembamba kama unywele, na mashahidi hawakupatikana. Alego alizikwa nalo.

Sasa Owuor alitazama maduara ya gauni lile. Akakunja uso. Akasogea hadi pua ikakaribia kioo.

"Mzee, utaumia macho."

Owuor alikwenda chumbani, akaburuta gunia la vipande. Fundi hatupi kipande. Alichimba kama kuku, kitenge, kaki ya shule, pazia la mtu, mpaka mkono ukatoka na kitambaa cha buluu, kipana kama leso. Ndani yake maduara mawili mazima na nusu ya la tatu, meupe, ukubwa wa kisahani cha chai.

Alikinyoosha kando ya TV.

"Binti yangu. Haya ni nini?"

"Maduara."

"Na yale, ya gauni?"

Koki alitazama. Akatazama kitambaa. Akatazama tena TV, na mkate ukasimama njiani kwenda mdomoni.

"Mayai," alisema. "Mzee! Ni mayai!"

"Kitambaa ni kimoja."

"Wameivuta! Ona, enzi hizo picha ilikuwa karibu mraba, kama ile TV yako ya mgongo. Hii ni ndefu kwa upande. Ikipata picha ya zamani, inaivuta hivi na hivi ijae kioo. Kila mtu anakuwa mnene. Watu hata hawashtuki, wanataka tu ijae." Alikuwa ameshaanza kufinya. "Siku hizi zote naweka hizi vitu, mzee, hakuna mtu amewahi kuniambia. Wewe umejuaje?"

"Huyo ni mke wangu."

Koki aliacha kufinya kidogo. Halafu akasema, "Naweza kuirudisha. Lakini utapoteza hapa, na hapa. Pande zote kutakuwa nyeusi."

"Iache nyeusi."

Picha ikajikunja kutoka pande mbili, kama mtu anayeingia mlango mwembamba. Mayai yakawa maduara. Sinia likawa uso. Mabega yakashuka yakakaa yanapokaa, na kiuno kikatokea pale pale kwenye fundo la tatu. Rispa akazungusha bega, akacheka, akamtazama mpiga picha kama anayetaka kumwambia jambo.

Owuor alikaa kwenye kiti cha Rispa. Alikuwa bado hajakikalia tangu masika.

"Ndiye," alisema.

Koki alimaliza mkate wake taratibu, amesimama, hadi wimbo ukaisha.

*

Jumapili Willis hakungoja hata kuketi.

"Baba, mbona umeipunguza? Inchi hamsini zote unatazama katikati! Koki alikuja kuiharibu?"

Owuor alimpa kile kitambaa cha buluu. Willis alikigeuza huku na huku. Clare ndiye aliyekichukua, akakiweka kando ya kioo, maduara kwa maduara.

"Willis," alisema. "Tazama mama. Tazama vizuri. Ile siku hakuwa mama."

Willis alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kigoda akakaa karibu na baba yake, karibu zaidi kuliko alivyozoea.

"Sisi hatukuona, Baba."

"Mm."

Walikula samaki, wakanywa chai. Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatano, na hakuna aliyeutaja. Rispa aliendelea kucheza pale ukutani, giza upande huu, giza upande ule, yeye katikati kwa upana wake mwenyewe. Akafika mbele ya kamera, akageuka, akaipa mgongo, akasimama wima kumsubiri bibi harusi.

Owuor aliweka kikombe chini. Akainuka, akasogea, akachuchumaa mbele ya kioo kama alivyokuwa akipiga magoti mbele ya wateja. Kwa kidole alifuata pindo la gauni kutoka kulia kwenda kushoto. Akarudia.

"Baba?" Clare aliuliza. "Kuna nini?"

Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika. Clare aliinuka haraka, akidhani analia. Alipomfikia akakuta anacheka, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Amesimama wima," Owuor alisema. "Wima kama mlingoti. Ni pindo. Limeshuka kidole kizima, kushoto."

Kisha akakigusa kioo pale pindo lilipo, akasema na yule wa ndani yake, si na watoto:

"Haya, Mama Willis. Umeshinda."

Kesho yake asubuhi majirani walisikia cherehani.