Fundi Rozina na Shamba la Mollo

Nchi ilipofungua soko kwa bidhaa za nje na mitumba ikajaa mtaani kwetu Majengo, mjini, mafundi wengi wa kushona walifunga vibanda. Rozina alibaki, akipunguza suruali za mitumba. Nyuma ya pazia la kupimia nguo aliongoza umoja usio na bango: umoja wa wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake, wa Rukwa nzima. Mtu akifukuzwa zahanati, Rozina alirudi naye kesho yake. Akitolewa nyumba ya kupanga, alikwenda naye kwa mjumbe. Nimemfahamu miaka mingi. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na mimi nilidhani ni woga.

Mwaka 2004 alikuja Hilaria, mkulima wa kijiji cha Mollo. Mwenzake, Coleta, alikuwa amefariki, na Baltazari, kaka wa marehemu, alitaka shamba walilolima pamoja miaka kumi na sita. Kesi ilikuwa katika baraza la kata.

"Ukiulizwa, sema mlikuwa kama ndugu," Rozina alimshauri, kama alivyowashauri wote.

"Dada Rozina, ndugu yake ndiye anayenishtaki. Kwa undugu nimeshashindwa."

Barazani Baltazari alisimama na koti lake la harusi. "Wazee wangu, huyu alikuwa mgeni wa dada yangu tu."

"Mgeni wa miaka kumi na sita!" mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Hata mizigo yake hamkumfungia?"

Watu wakacheka. Mzee Evaristi, mwenyekiti, akawanyamazisha. "Hilaria, Coleta alikuwa nani kwako?"

"Shikamoo, wazee. Tulipendana. Nyumba yetu ilikuwa moja, na maisha yetu yalikuwa mamoja."

Mtu akatema mate. Hapo Rozina, ambaye siku zote alifundisha watu kujificha, akasimama.

"Mzee, naomba kumuuliza Baltazari. Ntumba zilizoko shambani sasa, yale matuta ya udongo uliofukiwa majani, nani alizipiga?"

"Tulizipiga wengi! Mimi mwenyewe kila mwaka nakwenda na jembe langu."

"Nani anakuita?"

"Hilaria."

Mguno ukapita. Kila mtu pale alijua kwamba majani yanafukiwa mvua zikielekea mwisho, na ulezi unaopandwa hapo huliwa mwaka unaofuata. Mgeni hawezi kuita watu wamfukie chakula cha mwakani.

"Na pombe ya kazi ulikunywa?" Evaristi akauliza. Pombe hiyo mwenye shamba ndiye huwapa waliokuja kumlimia.

"Nilikunywa, mzee."

"Kwa mkono wa nani?"

Baltazari akatazama vifungo vya koti lake. "Wake."

"Basi ulikunywa pombe ya mwenye shamba, na ulijua." Wazee wakanong'onezana kidogo. "Shamba ni la Hilaria. Mapenzi yao hayakuletwa hapa. Limeletwa shamba."

Nje akina mama wa Mollo walipiga vigelegele. Hilaria alilia kwanza, kisha akamshika Rozina mkono, wakashika barabara ya mjini, mchana kweupe. Wanachama tisa wa umoja walikuwa wamekuja wakijifanya wasikilizaji tu. Niliwaona wakitoka katika umati, mmoja mmoja, wakaenda kutembea nao.